Muulize Shangazi: Hasira Hii ni Yangu au ni ya Sukari?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kwamba stresi inaweza kupandisha sukari, basi barua zikamiminika, wengine wakishukuru, wengine wakinigombeza. Nimechagua tano. Majina nimeyatoa na baadhi ya maneno nimeyapunguza. Na kabla hatujaanza, mi ni mnasihi, sio daktari, kwa hiyo habari ya kuongeza au kupunguza dozi hutaikuta hapa, hiyo ni kati yako na dokta wako.

Shangazi shikamoo. Nina miaka 44, sukari yangu ni ile ya aina ya pili, nachoma insulini usiku na mchana nameza vidonge. Shida yangu sio sukari, shida ni kwamba mke wangu anasema nimebadilika nimekuwa mkali. Juzi kaniuliza tu funguo ziko wapi nikafoka mpaka mtoto akatoka sebuleni, halafu muda kidogo nimekaa sijui hata nilikuwa nakasirikia nini. Akiniuliza najisikiaje namwambia niko sawa, na sio kwamba namficha, kweli sioni kitu ndani. Hata dokta akiniuliza namwambia niko poa. Sasa mimi ni mtu mbaya au ni hii sukari? – Baba Mkali

Marahaba baba. Hapo umeuliza kama vile ni lazima iwe moja kati ya hayo mawili, tusikimbilie huko.

Niambie kwanza, wakati unafoka sukari ilikuwa ngapi? Hujaandika, na nahisi ni kwa sababu hukupima, nani anakumbuka kupima katikati ya ugomvi. Lakini sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 (kwa mashine zinazosoma kwa miligramu hiyo ni 70) mwili unamwaga adrenalini ili ini litoe sukari ya akiba, na hiyo adrenalini ndo ile ile inayokuja mtu akikutukana barabarani, moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho linatoka, kila neno unaloambiwa linakuwa kelele. Ubongo nao unategemea sana hiyo sukari, ikipungua uvumilivu unaondoka mapema kabisa, kabla hata hujajua kama kuna shida. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtu akagombana na mwenzake kwa ajili ya funguo wakati alichokuwa anahitaji ni nusu glasi ya juisi. Insulini inaweza kukushusha hivyo, na vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi pia, ila metformini ikiwa peke yake ni mara chache sana. Soma pakiti yako. Na kama unameza dawa ya presha ya kundi la beta-bloka, kama atenololi au propranololi, jua kwamba inaweza kuficha ule mtetemo na moyo kudunda, jasho ndo mara nyingi linabaki, kwa hiyo ukiona unatoka jasho bila sababu usilipuuze.

Sukari ikiwa juu nayo ina mambo yake, uchovu, kichwa kizito, kukereka kereka, ila hiyo inakuja taratibu na watu wanaizoea mpaka wanadhani ndo tabia yao.

Sasa hiyo ya "niko sawa". Nakuamini unaposema humfichi mkeo. Wapo watu ambao hisia wanazo kama kila mtu ila haziwajii kwa majina, zinawajia kama mambo ya mwili, kifua kubana, tumbo kuvuruga, shingo kukakamaa, uchovu usioeleweka. Miaka ya 1970 daktari wa akili Peter Sifneos aliipa hali hiyo jina, aleksithaimia. Sio ugonjwa na sio ubaya wa roho, wengine wanayo kidogo wengine sana. Ila kwa mtu mwenye sukari inaleta mkanganyiko hasa, manake ishara za sukari kushuka na ishara za woga au hasira zinafanana, na wewe zote unaziweka kwenye kapu moja linaloitwa sawa.

Kuna zoezi nalipenda sana. Pale Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, Daniel Cox na wenzake walianza miaka ya 1980 kuwafundisha watu wa kisukari kukisia sukari yao kabla ya kupima. Unajisikiliza mwili, unaandika namba unayodhani, ndo unatoboa kidole, halafu unalinganisha. Ukirudia rudia unaanza kujua ni ishara zipi kwako ni za kweli na zipi zinakudanganya, na hazifanani kwa watu wote. Mi nakuongezea kitu kimoja tu, neno la hisia. Yaani daftarini iwe hivi: jioni kabla ya kula, taya limekaza, mikono ina baridi, nakisia 10, hisia ni hasira. Unapima unakuta 3.6. Haya, hapo umejifunza kitu. Kesho yake taya hilo hilo limekaza, unakisia 4, unapima unakuta 7.8, sasa hapo baba hakuna wa kumsingizia, hiyo hasira ni yako, kaa nayo uulize imetoka wapi.

Neno "sawa" lisionekane kwenye hilo daftari, na "poa" pia. Chagua katika haya mpaka uzoee: hasira, woga, aibu, huzuni, wivu, upweke, kuchoshwa, kudharauliwa. Utaona kama mchezo wa watoto. Lakini mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko California waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakawaonyesha nyuso zenye hasira na woga, na wale waliotakiwa kuchagua neno la hiyo hisia, ile sehemu ya ubongo inayopiga kelele za hatari ilitulia zaidi kuliko walipofanya kazi nyingine na picha hizo hizo. Kwa hiyo kutaja jina la hisia tu, bila kuitatua, tayari ni kazi.

Na mkeo umwambie mkiwa mmetulia, sio katikati ya vita, kwamba akiona dalili akuambie neno moja mlilokubaliana na wewe utapima bila kubishana. Akikwambia "nenda kapime" wakati umeshawaka utaliona ni tusi. Ukikuta imeshuka, sukari ya haraka gramu 15, vijiko vidogo vitatu au vinne au hiyo nusu glasi ya juisi, subiri dakika 15, pima tena. Ugomvi uahirishwe mpaka hapo.

Shangazi, mimi nina aina ya kwanza tangu niko sekondari, sasa nina miaka 31. Nimechoka. Sio kuumwa, nimechoka na kupima, kuhesabu, kuchoma, kila siku haina likizo. Siku hizi napima pale ninapokumbuka. Siku ya kliniki nakaa kwenye benchi najaza daftari namba za kubuni, natumia kalamu mbili ya bluu na nyeusi ili ionekane niliandika siku tofauti, na naweka na moja moja mbaya ili isitiliwe shaka. Halafu kile kipimo cha miezi mitatu kinatoka kinaniumbua, dokta ananiangalia tu. Nifanyeje? – Kalamu Mbili

Mwanangu, hiyo ya kuweka moja moja mbaya imenichekesha na imenihuzunisha, manake inaonyesha unaijua sukari kuliko watu wengi, umechoka tu kuibeba.

Hiyo hali ina watu wake na ina utafiti wake. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walitoa dodoso la maswali 20, linajulikana kwa kifupi kama PAID, linauliza mambo kama kuogopa madhara ya baadaye, kujilaumu ukitoka nje ya mpango, kuhisi uko peke yako na huu ugonjwa, kuhisi umeishiwa nguvu za kuupambania. Alama zinaenda hadi 100 na ukifika 40 inachukuliwa una mzigo mzito unaohitaji msaada. Angalia kwamba haliulizi kama una kichaa wala kama wewe ni mvivu, linauliza hii kazi imekulemea kiasi gani. Unaweza kumuomba dokta au nesi wako mlijaze pamoja, kama hajawahi kulisikia mwambie alitafute, halina gharama ya maabara wala mashine.

Sasa kuhusu daftari. Unajua kwa nini unaandika uongo? Sio kwamba unapenda uongo, ni aibu. Namba ya 16 imekuwa inasomeka kwako kama vile umepata sifuri kwenye mtihani, na anayesahihisha ni huyo dokta. Mashine haitoi maksi, inakwambia tu sasa hivi kuna kiasi gani ili ujue ufanye nini saa inayofuata, basi. Na kile kipimo cha miezi mitatu nacho ni wastani tu wa sukari ya miezi hiyo, kinaweza kumficha mtu anayepanda na kushuka ovyo, na wewe kwa kubuni namba unamnyima dokta kitu pekee kinachoweza kumsaidia kukurekebishia dozi.

Kliniki ijayo nenda na daftari likiwa na mapengo yake. Ukiingia sema kabla hajafungua: "Dokta, nimechoka na sukari, sipimi kama zamani na nilikuwa naandika namba za kubuni kwa sababu naogopa kugombezwa, leo nataka tupange kitu ninachokiweza." Andika hiyo sentensi kwenye karatasi uisome kama sauti itakataa. Madokta wengi, tena wengi sana, wakiambiwa hivyo wanalainika, manake hata wao wanakuwa wamejiuliza huyu namba nzuri na kipimo kibaya inakuwaje. Akikugombeza hata baada ya hapo, badilisha dokta kama unaweza, na kama huwezi basi muombe nesi wa kliniki awe ndo mtu wako wa kuongea naye.

Uchovu unaruhusiwa kula baadhi ya vitu lakini sio vyote. Mnaweza mkakubaliana upunguze kupima kwa muda, au upime nyakati fulani tu, au kama kuna uwezekano upate kile kisensa cha kubandika mkononi kinachosoma chenyewe, ingawa wengine kinawaongezea wasiwasi kwa kuangalia kila dakika. Kitu ambacho hakiachwi ni insulini. Kwa aina ya kwanza ukiacha insulini hata kwa muda mfupi damu inaweza kujaa asidi, na dalili zake uzijue kwa moyo, kiu kali, kukojoa sana, kutapika, tumbo kuuma, pumzi inakwenda haraka na kwa kina, harufu ya matunda mdomoni. Ukiona hivyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Na kama kuna mtu mmoja tu nyumbani anayeweza kukushikia hiyo kazi kidogo, mfano akuandalie vifaa asubuhi na akuandikie namba bila kusema neno, mpe. Sio likizo kamili ila ni kitu.

Shangazi, uliandika eti stresi inapandisha sukari. Mi naona unawapa watu visingizio, mtu akila ovyo atasema ni stresi. Thibitisha. – Mbishi

Karibu Mbishi. Huko Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mtafiti Walter Cannon mwaka 1911 aliandika kuhusu paka waliotishwa, mkojo wao ukakutwa na sukari. Halafu mwaka 1913 yeye na mwenzake wakapima mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya chuo, mpira ule wa Kimarekani, baada ya mechi kubwa ya mwisho wa msimu, wakakuta sukari kwa 12, na kati ya hao watano walikuwa benchi hawakugusa mpira kabisa. Walikaa tu wakaangalia. Sasa hao walikula nini?

Kinachotokea ni kwamba homoni za stresi, yaani adrenalini na kotisoli, zinaliambia ini litoe sukari, na zinafanya insulini isifanye kazi vizuri. Kwa mtu asiye na kisukari kongosho linarekebisha fasta, kwa mwenye kisukari sukari inabaki juu. Na sio wote, wapo ambao stresi inawashusha, hasa kama wameacha kula au wamechanganya dozi kwa mawazo. Visingizio vipo, sikatai, ila mtu anayepima kabla na baada ya siku mbaya hana haja ya kisingizio wala ya ubishi, namba anayo. Ukirudi nyuma zaidi, daktari Thomas Willis wa Uingereza karne ya 17 alidhani kabisa huzuni ya muda mrefu ndo inaleta kisukari. Alikosea kuiona kama ndo chanzo, kwa hiyo msimtupie mtu lawama kwamba alijiletea kwa mawazo, nalisikia sana hilo kwenye misiba na silipendi.

Shikamoo Shangazi. Mama yangu ana sukari, nakaa naye. Namkumbusha dawa, nakagua sahani yake, namuuliza umepima, umepima ngapi. Juzi nimekuta makaratasi ya pipi chini ya mto. Nikalia. Yeye akanuna siku nzima. Nampenda ndo maana. – Binti wa Mama

Marahaba mwanangu, pole. Ila umekuwa polisi, na polisi akiingia watu wanaficha vitu.

Mama mtu mzima aliyekulea wewe, leo anakaguliwa sahani, unadhani anasikia nini? Anasikia aibu, na aibu haijawahi kumfanya mtu ale vizuri, inamfundisha kula peke yake usiku. Halafu na wewe nyuma ya huo ukaguzi kuna woga, unaogopa kumpoteza, ila mama hauoni woga wako, anaona ukali tu. Mwambie hilo. Mwambie "mama naogopa", maneno mawili, bila kuongeza "kwa hiyo usile". Utashangaa mazungumzo yatakavyogeuka.

Kisha muulize yeye anataka umsaidie wapi na wapi umwache. Labda atataka umsindikize kliniki lakini sahani umwachie. Heshimu hiyo hata kama roho inakuuma. Na ukitaka kuuliza namba, badala ya "ngapi leo?" jaribu "leo umeamkaje?", halafu akisema amechoka usirukie sukari, sikiliza kwanza amechoka na nini. Hizo pipi nazo usihukumu haraka, kama anatumia insulini au vile vidonge nilivyovitaja kwa Baba Mkali huenda anaziweka karibu kwa ajili ya kushuka usiku na hajawahi kukwambia. Umemuuliza?

Shangazi, mimi sina hasira wala sijachoka, ni kwamba hakuna kinachonifurahisha tena. Nina sukari miaka mingi tu na dawa nameza vizuri. Nalala sana ila naamka nimechoka, kula sitaki, watu sitaki. Nikimwambia dokta anasema ni sukari. – Kimya

Ndugu yangu Kimya, asante kwa kuandika, najua kuandika tu kumekugharimu.

Yale ya Kalamu Mbili hapo juu ni uchovu wa sukari, ukimpunguzia kazi ya sukari anapumua. Yako yanasikika tofauti, manake hata vitu visivyohusiana na sukari vimepoteza ladha. Hiyo inaweza kuwa sonona, na watu wenye kisukari wanaipata mara mbili mpaka tatu zaidi kuliko wasio nacho. Shida ni kwamba uchovu, usingizi na hamu ya kula kubadilika ni dalili za sonona na zinaweza pia kuwa za sukari kutokaa vizuri, ndo maana dokta kakurudisha huko. Kwa hiyo msimamishe kwenye ile ambayo sukari haiwezi kuieleza: mwambie "sifurahii kitu chochote, siku nyingi, kwa zaidi ya wiki mbili" kama ndivyo ilivyo, na muombe akupe dodoso la sonona liitwalo PHQ-9, lina maswali 9 tu na linauliza wiki mbili zilizopita. Muombe pia apime tezi ya shingo na damu, na kama umemeza metformini miaka mingi muulize kuhusu vitamini B12, hiyo dawa inaweza kuipunguza na upungufu wake unachosha mtu na kumshusha mudi.

Swali la 9 la hilo dodoso linauliza kama katika wiki hizo mbili umewaza bora ufe au kujiumiza. Lijibu kweli. Na kama mawazo hayo yapo leo usisubiri kliniki, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na nendeni hospitali pamoja, na kama insulini iko ndani mwache huyo mtu akutunzie na akupe kwa dozi.

Ikionekana ni sonona inatibika, kwa kuongea na mtaalamu, kwa vidonge, au vyote. Aliyekuandikia hivyo vidonge ajue una sukari, kwa sababu baadhi vinaweza kuongeza uzito au kusogeza namba juu au chini, na mwezi wa kwanza pima mara nyingi zaidi ya kawaida. Vidonge huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, usiviache wiki ya kwanza ukisema havifanyi kazi. Niandikie tena baada ya kuonana na dokta, hata mstari mmoja, na akikurudisha tena kwenye sukari bila kukupa dodoso nitumie alichosema tuone cha kumjibu.